Mkamwana wa Kwenye Shuka

Nilikuwa sijaolewa bado, na tayari nilikuwa mkamwana mbaya kuliko wote milimani kwetu. Watu wa vijiji ambavyo sijawahi kuvikanyaga walinijua kwa sura. Walijua kwamba namnyima mama mkwe chakula, na kwamba nikisikia fimbo yake mlangoni naficha chungu uvunguni mwa kitanda. Mama mkwe sikuwa naye, chungu hakikuwa changu, na kitanda chenyewe kilikuwa cha mwinjilisti. Lakini walikuwa wameniona kwa macho yao, na aliyeona haambiwi.

Usharika wetu, huko juu ya Lushoto, ulikuwa na Mzungu aliyewafundisha vijana useremala. Sisi tulimwita Fundi. Alikuwa na kamera ndogo ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani, akipiga nayo picha zinazotembea. Miaka ile uhuru ulikuwa umeshazoeleka na ujamaa ndio uliokuwa midomoni mwa watu. Mara moja moja gari la sinema la serikali lilipanda mlima kutuonyesha gwaride na namna ya kutia mbolea shambani, na siku hiyo hata wagonjwa walitoka vitandani. Mwinjilisti wetu aliliona jambo hilo. Watu waliosinzia kwenye mahubiri yake hawakusinzia mbele ya shuka nyeupe. Akamfuata Fundi, wakakubaliana watengeneze sinema yao wenyewe, fupi, ya kuonyeshwa kanisani na kuzungumzwa baadaye kwenye vikundi vya majumbani.

Hadithi aliitunga mwinjilisti. Palikuwa na wakamwana wawili na mama mkwe mmoja aliyefiwa na mume. Mkamwana wa kwanza anamfukuza kwa njaa, wa pili anampokea na kumpa mahali pa kulala. Amri ni ile ya kuwaheshimu baba na mama. Wasichana wa kwaya tuliitwa tuchaguliwe. Mkamwana mwema alipatikana mara moja. Yule mbaya kila mtu alimkataa, na wengine waliacha kuja mazoezini kabisa mpaka jambo lipite.

Mwinjilisti akaja nyumbani. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye chai kule Kwamkoro na alirudi wakati wa Krismasi tu, kwa hiyo mwenye kuombwa alikuwa mama.

"Mama, hata Yuda ilibidi apatikane," mwinjilisti alisema.

"Na kwako amekosekana?" mama akamwuliza. "Una mabinti wawili."

Mwinjilisti alicheka, akanywa uji aliopewa. Kisha akasema binti zake bado ni wadogo, nami nimemaliza shule, natembea vizuri, na sina haya mbele za watu. Hilo la kutokuwa na haya sikulipenda, lakini nilikaa kimya kwa sababu moyoni nilitaka kwenda. Nilitaka kuona mtu anavyoingia ndani ya kamera. Mama akasema kazi ya Mungu haichaguliwi, kama ni kufagia fagia, kama ni kuwa shetani kuwa shetani, mradi ukimaliza unanawa. Ndivyo nilivyoruhusiwa.

Mama mkwe alikuwa bibi mmoja mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya mkonge na ilikuwa muda mrefu hajaonekana. Bibi aliishi na mke wa huyo mtoto na wajukuu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alipoambiwa kwamba kazi yenyewe ni kuja na fimbo, kusimama mlangoni na kuomba chakula, alisema hiyo ataiweza.

Tulipigwa picha kwa siku moja, nyumbani kwa mwinjilisti, jua likiwa zuri. Sinema haikuwa na sauti. Fundi alituambia tusemeseme chochote, midomo icheze tu, maneno atayaweka mwinjilisti siku ya kuonyesha. Nikaketi jikoni na chungu cha maharage. Bibi akaja na fimbo yake. Nikasikia, nikashtuka kama nilivyofundishwa, nikabeba chungu nikakisukuma uvunguni, nikasimama mlangoni mikono kiunoni. Nilitakiwa nimtukane. Sikuweza kumtukana. Alikuwa mtu wa kupewa shikamoo, mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Kwa hiyo nilikunja uso, nikatikisa kichwa, nikanyoosha kidole kumwonyesha njia, na mdomoni nikawa nasema, "Samahani bibi, samahani bibi, samahani bibi." Bibi naye alinijibu kwa upole, "Haya mwanangu, haya." Fundi akafurahi sana. Alisema uso wangu ni mzuri kwa ubaya.

Ikaja zamu ya mkamwana mwema. Yeye alimkaribisha bibi mkekani, akampakulia ugali na maharage, akamnawisha mikono. Bibi akala. Fundi akasema basi, inatosha, ufunguo wa kamera umekwisha. Bibi akaendelea kula. Fundi akatia ufunguo, akataka ipigwe mara ya pili kwa sababu kivuli chake kilikuwa kimeingia. Sahani ilikuwa tupu. Ikabidi apakuliwe tena, akaila nayo yote, akalamba vidole. Tulicheka. Mwinjilisti alisema, "Bibi anaigiza kuliko ninyi nyote." Nami nilicheka pamoja na wengine.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikakaa huko mpaka tukaanza kuisahau. Iliporudi, mwinjilisti alitangaza kwamba itaonyeshwa kanisani Jumapili baada ya ibada. Vijana walipanda kuziba madirisha kwa mablanketi na majani ya migomba. Jenereta iliwekwa nje nyuma ya kanisa ikanguruma. Shuka nyeupe ilining'inizwa mbele, juu kidogo ya madhabahu. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni miguuni mwa wazee. Mimi na mama tulikuwa benchi la pili, nimevaa gauni langu la Pasaka, kwa sababu nilidhani nitapongezwa.

Sikuwahi kujiona nikitembea. Nilidhani natembea kama watu wengine. Pale kwenye shuka alitembea msichana mwenye mabega ya kiburi, mwenye macho ya kuibiaibia, na kanisa zima likasema jina langu kwa pamoja, wakicheka kwa mshangao. Kisha bibi akatokea na fimbo, na kicheko kikakatika. Mwinjilisti alikuwa amesimama pembeni ya shuka na fimbo ndefu ya kuonyeshea, akisimulia kwa Kishambaa. Chungu kilipoingia uvunguni, aligusa uso wangu kwa ncha ya fimbo yake. Pale mdomo wangu ulipokuwa ukisema samahani bibi, yeye alipaza sauti, akaifanya nyembamba ya kike, akasema, "Kizee wewe, utakufa lini tupumzike?"

Wanawake walishika vinywa. Mtu mmoja nyuma yangu alitoa sauti kama ameungua. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mkono wake uliokuwa umeshika kitabu cha nyimbo. Nilitamani kusimama niseme kwamba sikusema hivyo. Lakini mtu anasimamaje kanisani kubishana na picha? Mdomo ulikuwa wangu, na maneno yaliutosha vizuri kabisa.

Sinema ilipokwisha mablanketi yakateremshwa, mwanga ukaingia, na watu wote wakageuka kuniangalia kana kwamba nimetoka kwenye shuka sasa hivi. Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa mzee wa kanisa pia, aliomba kusema neno. Alisema sinema hii ni ya dini na ni ya siasa. Mtu anayeficha chakula mwenzake akiwa na njaa ndiye yule tunayeambiwa mikutanoni, ni kupe, ni mnyonyaji, hata kama ni msichana. Watu wakapiga makofi. Alikuwa anazungumza juu ya yule wa kwenye shuka, najua, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa ananiangalia mimi.

Kuanzia wiki hiyo watoto waliniita Mficha Chungu. Mama aliwafukuza mara ya kwanza na ya pili, kisha akaacha, kwa sababu aligundua wazazi wao wako ndani wanasikiliza na hawasemi kitu.

Mkamwana mwema alichumbiwa kabla ya mavuno. Mimi nilikuwa na posa iliyokuwa njiani tangu kabla ya sinema, kutoka kwa familia moja ya Mlola. Mshenga alikuwa ameshakuja, amekula, na mama alikuwa ameshaanza kumpelekea baba salamu za furaha kule kwenye chai. Kisha mwinjilisti na Fundi wakapakia mashine kwenye Landrova, wakaenda kuonyesha sinema Mlola. Mshenga alirudi kwetu mchana mmoja wa mvua, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua koti.

"Mama," alisema, "tumeona."

"Mmeona nini?" mama aliuliza.

"Sinema ya kanisa. Si kwamba tumeamini, sisi si wajinga. Tunajua ni mchezo."

"Sasa?"

"Ni mama wa kijana. Anasema mtu akiweza kuigiza namna ile, jambo lenyewe limo ndani yake. Anasema hawezi kuzeeka akimwogopa mtu anayempakulia."

Mama aliinuka, akamletea mshenga mwavuli wa baba, akamwambia mvua ni kubwa asije akaugua njiani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka alie, au agombe, ili nami nipate nafasi ya kufanya hivyo. Yeye alirudi jikoni, akaendelea kumenya viazi, na maganda yakawa manene kuliko kawaida yake.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa soko. Tulikuwa tukipeleka kabichi na viazi Mlola, mama akiuza, mimi nikipima. Baada ya ile sinema wanawake walisimama mbele ya fungu letu, wakageuza viazi mkononi, wakaniangalia kwa chini. "Huyu si yule?" Wengine walinunua kwa kumhurumia mama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaanza kuvuta kanga mpaka kwenye nyusi. Mama akaniambia, "Vua. Ukijifunika watasema unaficha kitu." Nikavua. Nikabaki na uso wangu mzuri kwa ubaya, mbele ya watu wote wa soko. Nilijiona mchafu, nami nilikuwa nimenawa, kama alivyosema mama siku ile ya kuruhusiwa.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa kiunoni, na kwenye duka la ushirika watu wakapanga foleni ya unga wa njano ulioletwa na serikali kutoka nje. Mwinjilisti aliona sinema inafaa kuliko wakati mwingine wowote. Akairudia kanisani kwetu, na safari hii akataka vikundi vya majumbani viizungumze, kila kikundi Jumatano alasiri, naye atapita kuvisikiliza.

Kikundi chetu cha wanawake kilikutana kwetu. Bibi mjane alikuwemo, na mkamwana wake halisi alikuwemo pia, mwanamke mrefu, mkavu, asiyesema sana, amempakata mtoto wake wa mwisho. Mwinjilisti alikuja mwenyewe siku hiyo. Baada ya kuomba akauliza swali lake: katika sinema ile, wewe ungekuwa nani?

Wakajibu mmoja mmoja. Wote walikuwa mkamwana mwema. Mwingine alisema angempa bibi hata kitanda chake. Mwingine alisema angemchinjia kuku. Kuku wenyewe mwaka ule walikuwa wameshauzwa. Zamu ikafika kwangu. Nikasema, "Mimi mnajua nilikuwa nani." Baadhi walicheka, nami nikaangalia sakafu niliyoifagia asubuhi.

Mwinjilisti akamgeukia bibi. "Na wewe bibi yetu, uliyeigiza vizuri kuliko wote. Yule mama pale mlangoni, alipofukuzwa, alijisikiaje?"

Bibi alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa. "Mimi sikuigiza," alisema. "Mliniambia nije na fimbo niombe chakula. Ndivyo ninavyofanya."

"Wapi, bibi?"

"Nyumbani."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata hakujua kwamba amesema jambo, mpaka aliposikia hakuna anayepumua. Ndipo nikamwona tena akilamba vidole mkekani kwa mwinjilisti, na sisi tukicheka. Wote tuliokuwepo tulimwona hivyo, najua, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake.

Macho yakahama. Yaliniacha mimi, yakaenda kwa mkamwana wake. Nami, Mungu anajua, kwa kitambo kifupi nilihisi mzigo umetuliwa kichwani mwangu, nikapumua. Kisha nikauona uso wake, nikaijutia pumzi ile.

Hakukana. Alimhamisha mtoto kutoka paja hili kwenda lile. "Ni kweli," alisema. "Naficha chungu."

Mwinjilisti akaanza kusema kwamba kuungama ni mwanzo wa neema, lakini yeye aliendelea bila kupaza sauti.

"Nikiacha chungu wazi mama anakula. Hajui kwamba ameshakula, siku hizi anasahau. Anakula cha watoto. Nikimpa kidogo anasema hajapewa. Mume wangu haleti kitu. Kwenye sinema yenu yule mke hana watoto. Mbona hamkuweka watoto?"

Bibi alimwangalia mkamwana wake, kisha akatuangalia sisi, akiwa na uso wa mtu anayeshuku amevunja kitu cha watu. "Mama yao ananitunza," alisema. "Mimi sikusema hanitunzi." Akarudia maneno hayo tena na tena, mpaka mkamwana wake akasimama, akamfunga mtoto mgongoni, akampa bibi mkono. Waliondoka pamoja, mmoja akimshikilia mwingine kwenye mteremko wa kijito. Mama yangu aliwafuata na kikapu cha viazi. Alirudi nacho kikiwa na viazi vile vile. Mkamwana alikuwa amekataa.

Jumapili iliyofuata kijiji kizima kilijua. Mficha Chungu wakawa wawili. Watoto waliimba jina hilo ng'ambo ya kijito kama walivyokuwa wakiliimba kwetu. Nikasikia pia kwamba mwinjilisti anataka kwenda na sinema Mnazi, tambarare, na kwamba ataeleza huko jinsi picha ilivyofichua dhambi katika kikundi cha wanawake. Hapo nilikwenda kwake. Nilimkuta akipangusa mashine ya sinema kwa kitambaa laini, kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, binti. Karibu. Umesikia Bwana alivyofanya kazi?"

"Kwa nani, Mwinjilisti?"

Akaniangalia. Nikamwambia kwamba mwenye dhambi aliyefichuliwa hatoki tena hata kuchota maji mpaka watu watoke kisimani. Nikamwambia kwamba siku ile ya picha sikusema bibi afe. Nilikuwa nikisema samahani.

"Samahani?" Alionekana kushangaa kwa dhati. "Sikujua. Mimi naona mdomo tu."

"Kila ulikopita umenitia maneno mabaya kuliko ya kwanza. Mlola walisema nilimwita mchawi."

Alikaa kwenye kasha la mashine. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani hii ndiyo sababu sikuweza kumchukia kabisa. Alisema watu wanahitaji kumwona mwovu waziwazi, wasipomwona waziwazi hawaogopi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Basi njoo Mnazi. Uisimulie wewe."

Mama hakutaka. Alisema nimeshaonekana vya kutosha. Nami nilikwenda kwa sababu niliona kubaki kimya hakujanisaidia kitu. Tulishuka na Landrova kwa ile barabara ya kona nyingi, masikio yakiziba, mpaka joto la tambarare likatupokea. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la pamba, kwa kuwa kanisa lilikuwa dogo. Watu wa Mnazi walikuwa mchanganyiko, kwa hiyo ilinibidi niseme Kiswahili, nacho mdomoni mwangu kilikuwa bado cha shuleni. Mwinjilisti alinipa fimbo yake ya kuonyeshea. Jenereta ikanguruma, nami nikatokea kwenye shuka na mabega yangu ya kiburi.

Watu waliniangalia pale, wakaniangalia hapa nilipo, wakaanza kunong'ona. Nikasema, "Huyu ni mke ambaye mumewe haleti kitu." Chungu kikaingia uvunguni. "Ndani ya chungu mna cha watoto, watoto wenyewe wamelala, hamuwaoni. Mwaka huu mvua zimekataa." Bibi akatokea. "Huyu ni bibi yao. Anasahau kwamba ameshakula." Na mdomo wangu ulipoanza kucheza, nikasema pamoja nao, "Samahani bibi, samahani bibi." Ulikuwa umekaa sawasawa, neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza kilichosikika ndicho kilichosemwa.

Baadaye, walipogawanyika kwa vikundi, hakuna aliyemzungumzia mkamwana mwema. Walizungumza juu ya waume walio kwenye mkonge, juu ya unga, juu ya wazee wanaopotewa na akili na nani awakalie zamu. Mama mmoja alilia akasema ana mama mkwe wa namna ile nyumbani na amechoka. Mwanamume mmoja alikasirika akasema sinema za dini zisiwatetee wanawake wavivu.

Tulirudi mpaka tukaanza kupanda mlima. Ndipo mwinjilisti akasema, taratibu, "Umesema vizuri. Lakini umewaondolea dhambi yao. Mimi nitahubiri nini sasa?" Nikaona haya upya, safari hii kwa sababu nilidhani nimeharibu kazi ya Mungu kwa kujitetea. Sikupelekwa tena popote. Alirudi kwenye maneno yake. Nilisikia kwamba aliacha neno mchawi, na kwamba pale mdomo wangu unapocheza alikuwa sasa anakaa kimya. Kama ni kweli, ni heshima aliyoweza kunipa.

Muda si mrefu Fundi alimaliza kazi yake akarudi kwao, na filamu akaondoka nayo. Mimi niliolewa na mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyetoka Tanga, mtu mpole, ambaye mama yake alikuwa ameshafariki. Siku ya harusi watu walisema hilo la kufariki kwa sauti ya chini, lakini si chini kiasi cha kutosha. Nilicheka nao. Mume wangu hakuelewa tunacheka nini, na ilipita miaka kabla sijamweleza.

Bibi alifariki nikiwa na mimba ya kwanza. Nilikwenda msibani kama ilivyo desturi, nikaingia upande wa wapishi nikatafuta kazi. Mkamwana wake alikuwepo, mwenye msiba, lakini hakuweza kukaa. Alikuwa akizunguka kati ya masufuria akiuliza apewe cha kufanya. Wanawake walitujibu sote wawili kwa adabu. Tulipewa ndoo. Kupakua walipakua wengine, wakitazama kila sahani inayotoka, na hakuna aliyetuambia kitu.

Tulishuka kijitoni. Tulikuwa hatujawahi kukaa wawili tu. Alijaza ndoo yake, akaiweka ukingoni, akauliza, "Ile picha bado ipo?"

"Fundi alikwenda nayo kwao."

"Wanaionyesha huko?"

"Sijui. Labda kanisani."

Alifikiri kidogo. "Basi wanamwona mama. Anakula."

"Wanamwona," nilisema.

"Alishiba siku ile," alisema. "Alirudi akaniambia. Alisema wamempa mara mbili." Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akanisaidia kujitwika ndoo kwa sababu ya hali yangu, kisha akajitwika yake. Tukapanda, yeye mbele na mimi nyuma, mpaka kwenye uwanja wa watu, na hapo hatukusemeshana tena.